Lebo Ilisema CUZD1

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na saratani yake hujificha humo humo. Mgonjwa anapoanza kukonda, macho yakageuka manjano na mgongo ukawa haumpi usingizi, mara nyingi ugonjwa umeshasambaa na kisu cha daktari hakina tena la kufanya. Ndiyo maana watafiti wa saratani hii wamekuwa wakisaka kwa miaka mingi protini itakayovuja kutoka kwenye kongosho na kuingia kwenye damu mapema, kabla mwenye mwili hajahisi lolote. Atakayeipata ataokoa watu wengi, na jina lake halitasahaulika.

Katika Hospitali ya Mount Sinai, Toronto, nchini Kanada, timu ya Eleftherios Diamandis, mtu mzito katika fani ya kemia ya hospitalini, iliamini imekaribia. Ilikuwa imechambua protini za viungo mbalimbali na kutenga zile ambazo kongosho huzitengeneza kwa wingi kuliko kiungo kingine chochote. Mojawapo iliitwa CUZD1. Kilichobaki kilikuwa kujua kama protini hiyo inapanda katika damu ya wagonjwa. Hawakuona haja ya kujitengenezea kipimo, kwa sababu kipimo kilikuwepo sokoni tayari, kimefungwa vizuri kwenye boksi, na lebo ya boksi ilisema wazi: CUZD1.

Wakakinunua. Wakapima seramu za watu wenye afya, za watu wenye maradhi yasiyo saratani, na za wagonjwa wa saratani. Matokeo yakaja matamu kuliko walivyotarajia: kwa wagonjwa wa saratani namba zilipanda, kwa wengine zilibaki chini. Katika kazi hii ya kutafuta alama za saratani kwenye damu, ambako protini mia zinajaribiwa na karibu zote zinatupwa, matokeo ya namna hiyo humfanya mtu aanze kuota mchana.

Nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kushika pipeti. Kipimo chenyewe ni cha aina iitwayo ELISA, iliyoanzishwa Sweden mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann. Unachukua sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Sakafu ya kila kisima imepakwa kingamwili inayosemekana kuishika protini unayoitafuta. Unamimina seramu, unasubiri, unaosha. Kisha unamimina kingamwili ya pili, nayo ya kuishika protini ile ile upande mwingine, ila hii imebeba kimeng'enya. Unaosha tena, unaongeza dawa, na kimeng'enya kinaigeuza rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Mashine inasoma ukali wa rangi na kukupa namba. Kazi yote inaisha ndani ya siku moja, na mtu mwenye mkono mtulivu anaifanya bila jasho.

Kila kitu katika mpango huu kinategemea kingamwili. Ni protini ambayo mwili huitengeneza dhidi ya kitu kigeni. Ina umbo la herufi Y, na ncha zake mbili za juu ndizo zinazoshika. Mchome sungura protini ya binadamu, na baada ya wiki kadhaa damu yake itakuwa na kingamwili dhidi ya protini hiyo. Lakini kingamwili haijui jina la protini. Inachokijua ni kiraka kidogo juu ya protini hiyo, asidi amino chache zilizokaa kwa mpangilio fulani. Kiraka cha kufanana nacho kikiwa juu ya protini nyingine kabisa, kingamwili itakishika bila kusita. Tena sungura huyo hakuzaliwa siku ile alipochomwa sindano. Ana kingamwili za bakteria na vumbi na chakula cha maisha yake yote, na hizo nazo zinaingia kwenye chupa zisiposafishwa. Na hata ile protini aliyochomwa, ikiwa haikuwa safi, sungura atatengeneza kingamwili dhidi ya uchafu wake kwa bidii ile ile.

Mtafiti anayesoma namba ya ELISA ni mvuvi anayelipima dema kwa uzito bila kulifungua. Aliliweka kwa ajili ya changu, limekuwa zito, basi anaandika changu.

Timu ya Toronto hatimaye ililifungua. Walikigeukia kipimo chenyewe na kukihoji. Waliyanasa yale ambayo kingamwili za boksi zilikuwa zikiyashika kwenye seramu, wakayapeleka kwenye spektromita ya masi, mashine inayozitambua protini kwa kuzikatakata na kupima uzito wa vipande, bila kuuliza lebo inasema nini. Jibu likarudi: CA125. Kingamwili zilizouzwa kama za CUZD1 zilikuwa zikishika protini ambayo haina hata undugu nayo.

CA125 haikuwa mgeni kwa mtu yeyote katika maabara ile. Robert Bast na wenzake waliitangaza huko Boston mwaka 1981, na tangu hapo inatumika duniani kote kufuatilia saratani ya ovari. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha katika habari yote hii ya kusikitisha. Bast alipata kingamwili kwanza, hakujua inashika nini, na akaiita kwa namba, OC125. Ilipita miaka 20 ndipo jeni ya protini yenyewe ikajulikana, mwaka 2001. Kwa hiyo kuna kingamwili iliyokiri kwa miongo miwili kwamba haijui imeshika nini na ikawasaidia wagonjwa muda wote huo, na kuna nyingine iliyokuja na jina kamili kwenye boksi na kuwapoteza njia mabingwa.

Prassas wa timu hiyo, Diamandis na wenzao walichapisha kisa hicho mwaka 2014, bila kujificha. Gharama yake: miaka miwili, takriban dola 500,000, na seramu za wagonjwa zilizokusanywa kwa taabu, ambazo zikishamiminwa kwenye kisima hazirudi. Hili la mwisho ndilo linaloniuma mimi. Pesa hutafutwa. Lakini mgonjwa wa saratani ya kongosho aliyekubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti mara nyingi hayupo tena kuombwa mara ya pili.

Sasa, kwa nini watu wenye ujuzi kiasi hicho walichukua muda mrefu? Mtu wa nje atasema uzembe. Sidhani. Kipimo kile kingetoa takataka, namba za kupanda na kushuka bila mpango, wangekitupa wiki ile ile. Kilichowaponza ni kwamba kilitoa ukweli, ila si ukweli waliouuliza. CA125 kweli hupanda kwa wagonjwa wengi wa saratani, ya kongosho ikiwemo. Kwa hiyo namba zilikuwa na mantiki, zilirudiwa na zikarudi vilevile, wagonjwa walitofautiana na wazima. Vipimo vyote ambavyo mtafiti wa kawaida huvitumia kujihakikishia, matokeo yale yalivipita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachouliza kilichokamatwa ni nani. Na ukweli mwingine wa kibinadamu ni kwamba jibu chungu hukaguliwa mara tatu, jibu tamu hupelekwa moja kwa moja kwenye slaidi za mkutano.

Ingekuwa Toronto peke yake tungesema bahati mbaya. Huko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, daktari wa patholojia David Rimm alikuwa mwaka 2006 na kipimo cha kingamwili cha kuwasaidia madaktari kuamua tiba ya melanoma, saratani ya ngozi. Kilikuwa kinafanya kazi. Miaka michache baadaye akaagiza mzigo mpya wa kingamwili zile zile ili arudie majaribio, na rangi kwenye vipande vya nyama zikaja tofauti kabisa. Jina lile lile, mzigo mwingine. Kipimo kikaachwa, na Rimm akawa mmoja wa wapiga kelele wakubwa juu ya ubora wa kingamwili.

Habari ya mzigo inahitaji maelezo, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Kingamwili ya sungura au mbuzi ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi za mnyama mmoja. Mnyama akifa, mchanganyiko ule umekwisha duniani. Anayefuata atatengeneza wake. Mwaka 1975, Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika, wakapata ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, mwaka hadi mwaka. Walipata Nobeli mwaka 1984, na walistahili. Hata hivyo koo hizo za seli nazo hubadilika, huchanganyika, hufa friji ikizimika. Ndiyo sababu mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya mia, walitaka kingamwili zote za utafiti ziuzwe zikiwa na mfuatano wa jeni zake unaojulikana, zitengenezwe kwenye seli za maabara kutokana na maandishi hayo, bila kutegemea mnyama. Walikadiria kwamba dola milioni 800 hivi hupotea kila mwaka duniani kwa kingamwili mbovu. Makampuni mengi hayakupenda wazo la kuweka mfuatano hadharani, na sababu yao inaeleweka: ukishauweka, yeyote anaweza kutengeneza.

Kisa kinachonitisha zaidi lakini ni cha Sweden, kwa sababu hakikuhusu maabara moja. Mwaka 1996 watafiti wa huko walitangaza kipokezi cha pili cha homoni ya estrojeni, kikaitwa beta. Kipokezi cha kwanza kilikuwa tayari kinaongoza tiba ya saratani ya matiti, kwa hiyo kila mtu alikimbilia cha pili. Makala yakamiminika. Wengine walikiona kwenye matiti, wengine hawakukiona; wengine walisema kinazuia saratani, wengine kwamba kinaichochea. Mjadala ukaendelea kwa miaka 20. Mwaka 2017 kundi jingine la Sweden likachukua kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika na kuzijaribu dhidi ya seli zilizo na kipokezi hicho na zisizo nacho. Moja tu ndiyo iliyokishika sawasawa. Kwa kingamwili hiyo moja, kipokezi beta hakikuonekana kwenye matiti, si yenye saratani wala yasiyo nayo; kilikuwa kwenye korodani, kwenye ovari, kwenye baadhi ya seli za kinga. Ubishi uliochukua nusu ya maisha ya kazi ya watu wengi ulikuwa kwa sehemu kubwa ubishi baina ya chupa na chupa.

Mwanafunzi akisoma hadi hapa anaweza kuamua kwamba kingamwili ni kitu kibaya. Atakuwa amekosea. Katika zahanati zetu, kitepe cha kupima malaria kwa dakika 15 au 20 ni kazi ya kingamwili tupu, nyingi ya aina hizo zikishika protini ya kimelea iitwayo HRP2. Kingamwili hizo ni nzuri, na zimepunguza mno tabia ya kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria. Ila nazo zinasema zilichoshika, hazisemi zaidi. HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mtoto aliyepona jana bado anaweza kuonyesha mstari. Na upande wa pili, vimelea vya Eritrea vilianza kuishi bila jeni ya HRP2. Mgonjwa anawaka homa, hadubini inaonyesha vimelea, kitepe kinasema hakuna. Eritrea ililazimika kuacha vipimo vinavyotegemea protini hiyo peke yake mwaka 2016. Kingamwili haikufanya kosa hapo. Ilikuwa inatafuta protini ambayo kimelea kimeitupa.

Tofauti kati ya kitepe cha zahanati na chupa ya utafiti ni kwamba kitepe kimejaribiwa na wengi kabla ya kumfikia muuguzi. Chupa ya utafiti mara nyingi haijajaribiwa na mtu yeyote zaidi ya muuzaji, na muuzaji mwenyewe anaweza kuwa amenunua kwa mwingine na kubandika lebo yake. Chupa mbili zenye majina mawili kutoka kwa makampuni mawili zinaweza kuwa na maji yale yale, na mtafiti akazilinganisha na kufurahi kwamba zimekubaliana.

Tena kingamwili inaweza kuwa mwaminifu katika kazi moja na mwongo katika nyingine. Kwenye westani bloti, kipimo kingine cha kingamwili, protini huchemshwa pamoja na sabuni hadi zikanyooka, kisha hupitishwa kwenye jeli kwa umeme ili zijipange kwa ukubwa. Kingamwili inayotambua kiraka kilichonyooka itafanya vizuri hapo. Ipeleke kwenye seli hai, ambako protini ile imejikunja na kiraka kimefichwa ndani, na haitashika kitu. Au mbaya zaidi, itashika kingine. Ukiinatisha kwenye shanga ili ikuvutie protini kutoka kwenye seli zilizopasuliwa, ni mtihani wa tatu, na kufaulu mitihani miwili ya kwanza si cheti cha huo.

Kipi basi kinachotenganisha kingamwili ya kweli na ya uongo? Mwaka 2016 jopo lililoongozwa na Mathias Uhlén lilitaja njia tano, lakini ukiniuliza mimi, ninaanza na moja: chukua seli ambazo jeni ya protini yako imeondolewa, uziweke pembeni ya seli za kawaida. Kwenye za kawaida mstari wa bloti uwepo, kwenye nyingine upotee. Mstari ukibaki pale ambapo protini haipo, hakuna maelezo yatakayouokoa. Njia hii ilikuwa ghali sana zamani. Teknolojia ya kukata jeni ya CRISPR imeishusha hadi ikawa ya kawaida.

Huko Montreal, Kanada, mradi uitwao YCharOS unaifanya hiyo kama kiwanda, kwa kushirikiana na makampuni yenyewe yanayotoa kingamwili zao bure zijaribiwe. Mwaka 2023 walitoa hesabu ya kingamwili 614 dhidi ya protini 65 za mfumo wa neva. Zaidi ya nusu zilishindwa katika angalau kazi moja kati ya zilizotajiwa. Kwa kila protini kulikuwa na wastani wa makala 12 hivi yaliyochapishwa kwa kutumia kingamwili isiyoishika protini hiyo. Zile zilizotengenezwa kutokana na mfuatano wa jeni ndizo zilizofanya vizuri kuliko za wanyama. Na makampuni, kinyume na nilivyodhani, hayakukaidi: kati ya zilizoshindwa, karibu asilimia 20 ziliondolewa sokoni, na karibu asilimia 40 zikabadilishiwa maelezo ya matumizi.

Makala yale, lakini, bado yapo. Mwanafunzi wa shahada ya pili Muhimbili, Makerere au Nairobi akitafuta kingamwili ya protini yake, kitu cha kwanza anachofanya ni kusoma wenzake walitumia ipi, kisha kuagiza namba ile ile ya katalogi. Ninaelewa kwa nini. Chupa moja yenye matone machache ni dola mia kadhaa, inasafirishwa kwenye barafu, inasubiri forodhani, na ikifika imekula sehemu ya fedha za mwaka. Kumwambia anunue mbili za kulinganisha ni kumtania. Lakini ripoti za YCharOS zinasomwa bure, na zinaonyesha picha za bloti zenyewe, seli zenye jeni na zisizo nayo, bega kwa bega. Dakika kumi za kuzitazama kabla ya kutuma oda hazigharimu kitu.

Protini yake ikiwa haimo kwenye orodha, kazi ni yake, na haihitaji utajiri. Ajaribu kwanza tishu ambayo haitengenezi protini hiyo kabisa. Aache kisima kimoja bila kingamwili ya kwanza, aone kama ya pili peke yake inaleta rangi. Aangalie kama mstari kwenye bloti umekaa kwenye uzito unaotarajiwa, na kama kuna mistari mingine aiache kwenye picha, asiikate. Aandike namba ya mzigo kwenye daftari, si jina la kampuni tu. Chupa ikikaribia kuisha, aagize mpya mapema na kuzipima zote mbili siku moja kwenye sampuli moja, wakati ile ya zamani bado ina matone ya kutosha kuulizwa swali.

Na sampuli za wagonjwa zibaki kwenye friji mpaka haya yote yamekwisha.